Kutengeneza Vitabu na Watoto wa Awali na Darasa la Kwanza

Mtoto wa miaka mitano hawezi kushona kitabu, lakini anaweza kukitunga, na mwalimu asiyetofautisha kazi hizo mbili hujikuta mwishoni mwa muhula na rundo la majalada ya kupendeza ambayo ndani hayana kitu cha kusomwa. Nimefundisha madarasa ya chini upande wa Temeke, katika chumba chenye watoto 80 na mikasi 6, na maelezo haya yanatokana na chumba cha namna hiyo. Mwenye watoto 25 na meza ya kila mmoja atayaona mengine hayamhusu, nami namwonea wivu kidogo.

Maneno kabla ya karatasi

Siku ya kwanza usigawe karatasi. Ongea nao. Nilizoea kuanza kwa kuwaambia watoto wanieleze kuhusu familia zao, nao walinijibu kwa sentensi ileile waliyokaririshwa, kwamba baba anaitwa fulani na mama anaitwa fulani, kisha kimya. Swali lililofungua midomo ni hili: “Leo njiani umeona nini?” Mtoto wa Dar es Salaam anayetembea kwenda shule hapitwi na jambo. Huona bajaji iliyozimika katikati ya dimbwi, mama wa vitumbua akipigana na moshi, basi la mwendokasi lililojaa hadi mlango haufungi, na kunguru, ambao kwa watoto wa mji huu ni wahusika wa hadithi wasiohitaji kubuniwa.

Mtoto mmoja aliniambia kwamba kunguru ameiba chapati ya bibi. Nikamuuliza, “Halafu ikawaje, mwanangu?” Akajibu kwamba bibi alisema, “We kunguru, lete!” lakini kunguru akaruka juu ya bati akala. Hicho tayari ni kitabu cha kurasa nne: chapati ipo, kunguru anakuja, bibi anapiga kelele, kunguru anakula. Swali la “halafu ikawaje” likiulizwa mara mbili au tatu linatosha kuzaa hadithi nzima, na mwalimu hana haja ya kuongeza neno lake hata moja. Kishawishi cha kuongeza funzo mwishoni, kwamba wizi ni mbaya, kitakujia. Kizuie, kwa sababu mtoto anapokisoma kitabu chake na kukuta sentensi asiyoitamka yeye, huiruka au huinama kwa haya.

Kwa kuwa maneno lazima yachukuliwe kutoka kinywani mwa kila mtoto, kazi hii haifanyiki kwa darasa zima kwa mkupuo. Chukua watoto 5 kwa siku, dakika 5 kwa kila mmoja, wakati wenzao wanachora au wanapanga vizibo vya chupa vya kuhesabia. Kwa mpango huo watoto 80 humalizika kwa siku 16 za shule, yaani wiki tatu na siku moja, na hakuna siku ambayo kitabu kinameza ratiba yote. Shuleni kwetu tuliomba pia wanafunzi wa Darasa la Sita waje saa ya mapumziko kuandika maneno ya wadogo zao. Mwandiko wao ulikuwa mzuri kuliko wangu, ingawa ilibidi niwakumbushe mara kwa mara kwamba kazi yao ni kuandika, si kutunga.

Unapoandika maneno ya mtoto, mwache aketi kando yako mahali ambapo anaiona ncha ya kalamu, na utamke kila silabi unapoiandika. Hapo ndipo anapogundua kwamba “ameiba”, aliyoitamka kwa pumzi moja, ni neno moja lisilokatwa, jambo ambalo hata watu wazima wengi hulikosea wanapoandika “ame iba” au “na penda”. Kiswahili kinamsaidia sana mtoto kwa sababu huandikwa karibu sawa na kinavyotamkwa, kwa hiyo aliyejua silabi za ba, be, bi, bo, bu anaweza kujaribu kuandika “bibi” na “babu” mwenyewe mapema kabisa. Mwachie maneno hayo. Wewe andika yale yenye ng', dh na gh.

Kuna swali ambalo kila mwalimu atakutana nalo: mtoto akisema “bibi anapikaga chapati”, uandike nini? Mimi huandika kama alivyosema kwenye karatasi ya kwanza, ile ya rasimu, kisha siku ya kuhamishia kitabuni humsomea na kumuuliza, “Kitabuni tuandikeje?” Wengi husahihisha wenyewe na kusema “bibi anapika” au “bibi hupika”, kwa kuwa wameshasikia lugha ya vitabu ikisomwa darasani. Asiyesahihisha nambakizia “anapikaga” yake mpaka atakapofika huko. Tahajia ni jambo jingine. Palipoandikwa “apa” badala ya “hapa”, au “kura” mahali pa “kula”, siandiki kwa wino mwekundu juu ya kazi yake; naandika sentensi sahihi kwa penseli chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo, ili msomaji mwingine aielewe na mwandishi mwenyewe ailinganishe na yake. Kitabu kilichochorwachorwa masahihisho hugeuka daftari, na daftari mtoto haombi kusomewa.

Kitabu cha karatasi moja

Hiki ndicho cha kuanzia. Hakihitaji gundi, uzi wala stepla, na kwa watoto 80 kinatumia karatasi 80 tu. Uzuri wake mwingine ni kwamba upande mmoja wa karatasi hufichwa wote ndani, hivyo unaweza kutumia karatasi ambazo zimekwisha kuchapwa upande mmoja. Ofisi nyingi za mjini hutupa karatasi kama hizo kila wiki, na mzazi mmoja anayefanya kazi ofisini anaweza kulilisha darasa kwa mwaka mzima, mradi uzipitie kwanza kuhakikisha kwamba hazina majina ya watu wala hesabu zao.

Weka karatasi ya A4 mezani ikiwa imelala, upande mrefu ukikuelekea. Ikunje katikati ili pande zake mbili fupi zikutane, kisha ikunje mara ya pili na ya tatu, kila mara ukigawa katikati upande ulio mrefu zaidi. Sugua kila mkunjo kwa mgongo wa kijiko, kwa maana kucha za watoto hazina nguvu ya kuubana. Ukiikunjua utaona vyumba 8, kila kimoja kikiwa na upana wa karibu sentimeta 7.4 na urefu wa sentimeta 10.5. Sasa irudishe kwenye ule mkunjo wa kwanza tu, halafu ukate kuanzia upande uliokunjwa, ukiufuata mstari wa katikati hadi unapokutana na mstari mwingine unaoukingama, na hapo usimame. Kosa la kawaida ni kukata kuanzia upande ulio wazi, na matokeo yake ni karatasi yenye masikio mawili ambayo haiwezi kuwa kitabu. Walimu wenzangu wamelifanya kosa hilo nami nimelifanya, mbele ya watoto.

Ikunjue yote, uone mpasuo katikati. Kisha ikunje kwa urefu ili pande mbili ndefu zikutane, mpasuo ukiwa juu na maandishi ya zamani yakiwa ndani. Shika ncha mbili na uzisukume zikaribiane. Mpasuo utafunguka kama mdomo wa kifaranga, na ukiendelea kusukuma utapata mabawa manne. Yazungushe yote kuelekea upande mmoja. Una kitabu chenye jalada la mbele, kurasa 6 na jalada la nyuma.

Watoto wa Darasa la Kwanza wanaweza kukunja wenyewe wakionyeshwa mara tatu. Wale wa Awali hukunja mikunjo miwili ya kwanza na kukuachia iliyobaki. Mikasi isipotosha, mstari wa kukatwa ukunjwe mbele na nyuma mara kadhaa, kisha uchanwe taratibu kwa kuubana na rula. Na kabla mtoto hajaanza kuchora, andika namba ndogo pembeni mwa kila ukurasa. Bila namba, hadithi ya kunguru itaanzia nyuma, na baadhi ya kurasa zitachorwa miguu juu.

Kitabu cha kushonwa

Mtoto akishatengeneza viwili au vitatu vya karatasi moja, hadithi zake huanza kuzidi kurasa 6, na hapo ndipo kitabu cha kushonwa kinapokuwa na maana. Karatasi 3 za A4 zikikunjwa pamoja katikati hutoa kurasa 12, na kwa darasa la watoto 80 hizo ni karatasi 240, ambazo hazifiki hata nusu ya rimu moja yenye karatasi 500. Jalada linaweza kutokana na karatasi ya manila, au na boksi jembamba la biskuti au dawa ya meno lililogeuzwa ndani nje.

Kabla ya kukunja manila, ijaribu. Karatasi ina mwelekeo wa nyuzi zake, na hukunjika vizuri kwa kufuata mwelekeo huo lakini huvunjika na kuchanika ikikunjwa kinyume chake. Ipinde taratibu bila kuibana, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana, na utahisi upande mmoja ukikataa zaidi. Ule usiokataa ndio uwe uti wa kitabu. Jaribio hili la nusu dakika huongeza maisha ya jalada kuliko gundi yoyote.

Kutoboa na kushona ni kazi ya mwalimu au ya mzazi aliyejitolea. Tumia shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia na mikeka, na uzi mnene wa pamba au ule wa mafundi viatu. Fungua kitabu katikati, ukiweke juu ya kandambili kuukuu ili shazia izame bila kuchimba meza, na utoboe matundu matatu kwenye mkunjo: moja katikati kabisa na mawili sentimeta 4 kutoka kila ncha. Uzi wa sentimeta 50 unatosha. Anzia ndani, pitisha sindano kwenye tundu la katikati itokee nje, ukiacha mkia wa uzi ndani. Ingia ndani kwa tundu la juu. Ukiwa ndani shuka moja kwa moja mpaka tundu la chini ukiliruka la katikati. Toka nje, kisha rudi ndani kwa tundu la katikati. Sasa ncha zote mbili ziko ndani. Hakikisha moja iko kushoto na nyingine kulia ya ule uzi mrefu, halafu zifunge fundo juu yake. Fundo linaloubana uzi mrefu halilegei.

Ikiwa huna muda wa kushona, stepla inatosha, lakini stepla ya kawaida haifiki katikati ya karatasi ya A4. Ifungue inyooke kabisa, weka kitabu juu ya kipande cha sponji au tabaka mbili za boksi, bonyeza ili pini ipenye, kisha inua na uikunje miguu yake kwa kijiko. Ncha hizo zifunikwe kwa selotepu, maana zinachana vidole.

Juu ya gundi nina neno. Mwaka mmoja, kwa uvivu wa kushona, nilibandika majalada yote ya darasa kwa gundi ya fimbo, na masika ilipoingia mwezi Aprili, unyevu wa mji huu ukayaachia moja baada ya jingine hadi nikabaki na vitabu uchi. Tangu hapo gundi naitumia kwa kupamba tu. Kwa kazi hiyo uji wa ngano ni bora na ni rahisi: koroga kikombe kimoja cha unga kwa maji baridi kidogo mpaka madonge yaishe, ongeza maji yafike vikombe vinne, kisha pika kwa moto mdogo ukikoroga hadi uwe mzito na wenye kung'aa. Kwa joto la hapa huchacha baada ya siku moja au mbili, kwa hiyo pika wa kukutosha siku hiyo. Paka kidogo na uanike juani mpaka ukauke kabisa, kwa sababu mende wanaupenda uji huo kuliko watoto wanavyopenda uji wa shule. Kwa uji huohuo unaweza kubandika kipande cha kitenge juu ya uti wa kitabu. Mafundi cherehani hutupa vipande vingi, na mtoto aliyechagua kitenge chake mwenyewe hakisahau kitabu hicho.

Jina la kitabu liachwe mpaka mwisho. Watoto wengi hawaelewi jina la kitabu ni nini, ila wanajua kwamba kanga ina jina, na wengine wanaweza kukutajia lililoandikwa kwenye kanga ya mama. Ukiwaambia kitabu nacho kina jina kama kanga, huelewa mara moja. Chini ya jina la kitabu liandikwe “Kimeandikwa na”, na mtoto aandike jina lake kwa mkono wake, hata kama herufi moja imegeuka.

Kitabu kikubwa cha darasa

Mtoto ambaye bado haongei mbele ya watu huanza vizuri zaidi katika kitabu cha pamoja. Kata karatasi ya manila vipande viwili, kila mtoto apate kimoja kama ukurasa wake, na wote watumie sentensi moja yenye pengo: “Njiani niliona ______.” Mmoja atajaza bodaboda, mwingine mbuzi, mwingine fundi viatu. Kwa kuwa sentensi inajirudia, mtoto akishasikia kurasa tatu anazisoma zilizobaki mwenyewe, akisaidiwa na picha, na kwa wengi huo ndio usomaji wa kwanza wa kitabu kizima maishani mwao. Usizidishe kurasa 10 katika kitabu kimoja; kwa darasa la watoto 80 tengeneza vitabu 8. Toboa matundu mawili upande wa kushoto, imarisha kila tundu kwa kipande cha kitambaa kilichobandikwa mbele na nyuma, kisha funga kwa kamba ya katani, ukiilegeza kiasi cha kurasa kugeuka bila kuvutika. Maandishi yawe makubwa, kwa kalamu nyeusi ya wino mzito, yasomeke na mtoto aliyeketi nyuma kabisa kwenye mkeka.

Kusomwa na kutunzwa

Siku kitabu kinapokamilika, mwandishi wake aketi kwenye kiti cha mwalimu na kukisoma kwa wenzake. Asiyejua kusoma ataeleza picha zake, na kwa kuwa maneno yaliyomo ni yake, mara nyingi atayasema sawasawa na yalivyoandikwa huku kidole kikipita juu yake. Wasikilizaji waulize maswali. Makofi ni ya lazima, ila si lazima yawe marefu. Kuna vitabu vingine vinne vinasubiri.

Baada ya hapo vitabu viende kwenye kona ya kusomea, mahali ambapo mkono wa mtoto unafika bila kuomba ruhusa. Kamba iliyofungwa ukutani na vibanio vya nguo inatosha, na wakati wa masika ivute kamba hiyo iwe mbali na ukuta unaotoa jasho. Usiviweke sakafuni kwenye boksi, kwani mchwa hawatangazi kuja kwao. Ijumaa mtoto achague kimoja aende nacho nyumbani, kiwe chake au cha mwenzake, akamsomee mtu mkubwa. Wazazi wengine hawana mazoea ya kusoma, na wengine hurudi usiku wakiwa hoi, kwa hiyo ninaposema nao siwaombi wamsomee mtoto, nawaomba wamsikilize. Baadhi ya vitabu havitarudi. Kimoja kilirudi kwangu kikinuka samaki, kimekunjwa mara nne, kimesomwa na nyumba nzima ya wapangaji, na nilikishona upya.

Mwezi Desemba, kabla shule haijafungwa, kila mtoto huchukua vitabu vyake, na darasa hubaki tupu. Hapa kitabu cha karatasi moja kinaonyesha faida yake ya mwisho: kwa kuwa kurasa zote ziko upande mmoja wa karatasi, ukikikunjua unaweza kukitoa fotokopi kwa mkupuo mmoja, ukate mpasuo, ukunje tena, na una nakala. Penseli hufifia kwenye fotokopi, hivyo pitisha kalamu nyeusi juu ya mistari mbele ya mtoto na kwa ruhusa yake. Chagua vichache vilivyosomwa mpaka vikachakaa, vitoe nakala tano tano, na uzitundike kwenye kamba, ili watoto watakaoingia Januari wakute kunguru amekwisha kuiba chapati.